Wananipa usimamizi, chama kinaniona msaliti: nipande cheo au nibaki dereva?

Swali: Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa saba naendesha gari la vifurushi katika kampuni moja hapa Kampala. Kwetu ni Arua. Mshahara wangu ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na karibu kila wiki napiga saa nane za ziada. Mimi pia ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kituoni kwetu. Mkataba wetu wa pamoja na kampuni unaisha Desemba. Juzi bosi aliniita akasema wananipa usimamizi wa kituo cha Nakawa kwa 1,300,000. Mke wangu anasema nisichezee bahati. Wenzangu wa chama wameanza kuninong'ona. Halafu kuna video inazunguka WhatsApp: dereva wa UPS, kampuni kubwa ya vifurushi kule Marekani, anasema madereva wanapata dola 170,000 kwa mwaka na kwamba hata wakimpa umeneja bure hataki. Nishike lipi?

Jibu: Ndugu yangu, nitangulize jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu. Ofa uliyopewa ni ya mdomo. Usiikubali hivyo ilivyo, wala usiikatae. Iombe kwa maandishi, na uombe uanze kazi hiyo Januari, mkataba wa pamoja ukishasainiwa. Sababu zake ni ndefu kidogo, na nyingine hutazipenda.

Nianze na hiyo video, maana naona ndiyo iliyokuvuruga. Hizo dola 170,000 zilitajwa Agosti 2023 na Carol Tomé, mkuu wa UPS mwenyewe, alipokuwa akiwaeleza wawekezaji mkataba mpya na chama cha Teamsters utagharimu kiasi gani. Ndani yake kuna mshahara, kuna bima ya afya, kuna pensheni na marupurupu mengine, na ni hesabu ya dereva wa kutwa mwishoni mwa mkataba wa miaka mitano. Mshahara peke yake ni kitu kingine: kiwango cha juu cha dereva kinafika kama dola 49 kwa saa mkataba ukielekea kwisha, na wapakiaji wa nusu siku wanaanzia dola 21. Bado ni pesa nzuri, na si ajabu pale kumkuta msimamizi wa ngazi ya chini anapokea kidogo kuliko dereva anayemsimamia.

Lakini angalia kinachoibeba pesa hiyo. Mwaka 2023 watu wapatao 340,000 walikuwa chini ya mkataba mmoja, na kampuni inakumbuka mwaka 1997 walipogoma siku 15. Wasimamizi wenyewe wako nje kabisa: sheria ya Marekani ya 1947 inayoitwa Taft-Hartley iliwaondoa kwenye ulinzi wanaopewa wafanyakazi wanaojiunga na vyama. Januari 2024, miezi michache tu baada ya mkataba kupitishwa, UPS ilitangaza kupunguza kazi 12,000, na nyingi zilikuwa za upande wa usimamizi. Kwa hiyo yule dereva kwenye video hakosei. Anasema ukweli wa kwake.

Wa kwetu ni mwingine. Haki ya kujiunga na chama tunayo. Katiba ya 1995, ibara ya 40, imeitaja waziwazi pamoja na haki ya kujadiliana kwa pamoja na ya kugoma kwa kufuata sheria. Tusichokuwa nacho ni sakafu. Kima cha chini cha mshahara kilichopo Uganda ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo zinakupa sahani moja ya mchana pale Nakawa. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini. Maana yake, nguvu ya kazi iliyo chini ya chama kwetu haitoki kwenye sheria ya mshahara. Inatoka yote kwenye karatasi ambayo chama chako kimesaini na mwajiri. Kuna kampuni ambapo karatasi hiyo ni nzito, ina nyongeza ya kila mwaka, posho ya safari, bima ya familia na kiinua mgongo. Kuna nyingine ina kurasa nne, na tatu kati ya hizo zinaeleza namna ya kuitisha mikutano.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyeo, tafuta karatasi mbili. Wewe ni mwakilishi, hutashindwa kuzipata. Ya kwanza ni mkataba wa utambuzi, ule ambao kampuni ilikubali kuzungumza na chama chenu; humo ndimo mnakotajwa madaraja yanayowakilishwa na yasiyowakilishwa. Ya pili ni mkataba wa pamoja wenyewe. Usimchukulie kila mtu anayeitwa msimamizi kuwa ametoka kwenye chama. Kuna mahali msimamizi wa zamu bado yumo, na anayetoka ni meneja wa tawi kwenda juu. Nimewahi kukaa na mtu aliyejitoa kwenye chama kwa hiari yake siku alipopandishwa, kumbe daraja lake lilikuwa limeandikwa ndani ya mkataba. Alilipa gharama ya umeneja bila kuwa meneja.

Kuhusu chama chenyewe ni kipi, halinisumbui sana. Kazi ya vifurushi imekaa katikati: leseni inatoka Tume ya Mawasiliano, UCC, lakini kazi yenyewe ni magari na barabara. Unaweza kuwa uko ATGWU pamoja na madereva wengine, au UCEU pamoja na watu wa posta na simu. Cha maana ni karatasi iliyosainiwa.

Sasa tuhesabu pesa, maana hapa ndipo wengi wanapigwa changa la macho. Bosi amekutajia nyongeza ya 400,000. Hiyo si nyongeza yako. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 48, inaruhusu kufika 56 kwa makubaliano, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Siku ya sikukuu ya taifa inalipwa mara mbili. Wewe unapiga saa nane juu ya 48. Nane ni sehemu moja ya sita ya 48. Zidisha kwa moja na nusu unapata robo ya mshahara, yaani 225,000 kwa mwezi. Kwa hiyo leo kipato chako kabla ya makato ni 1,125,000. (Kama hati yako ya mshahara haionyeshi kitu kinachokaribia hapo, kuna mtu anakula jasho lako, na hilo lingekuwa swali la kwanza kupeleka kwenye chama kabla ya hili la cheo.)

Msimamizi kwa kawaida halipwi saa za ziada. Mkataba wake huwa na mstari mmoja mtulivu unaosema mshahara unagharamia saa zote ambazo kazi itahitaji. Tofauti ya kweli, basi, ni 1,300,000 ukitoa 1,125,000: inabaki 175,000. Sehemu ya mshahara wako inayozidi 410,000 inakatwa kodi ya PAYE kwa asilimia 30, na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5. Inayofika mkononi ni 113,750.

Elfu mia na kumi na tatu. Weka humo nauli, kama ulikuwa unarudi nyumbani na gari la kampuni na sasa hutarudi nalo. Weka muda wa maongezi, kwa sababu msimamizi anapigiwa simu na wateja, na madereva waliokwama Migyera, na makao makuu wanaouliza kwa nini gari la Gulu halijafika. Weka Jumamosi. Ukimaliza hapo, rudi kwa mke wako na hesabu hiyo, mkae muiangalie pamoja.

Lakini nisimnyime haki yake, maana ana hoja nzito ambayo pengine hajaisema hivi. Saa za ziada ni pesa ya leo tu. Zinaweza kukatwa wiki ijayo, mizigo ikipungua. Mshahara wa msingi ndio unaohesabiwa unapougua na kulipwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, unapokwenda likizo yako ya siku 21, unapolipwa badala ya notisi, unapoomba mkopo kwenye SACCO. Msingi wa 1,300,000 ni bora kuliko 900,000 yenye mkia wa 225,000, hata kama mkononi tofauti ni ndogo. Na mgongo wako una miaka 34. Udereva wa barabara ya Karuma hadi ufikishe 55 ya NSSF si kitu cha kumwombea mtu.

Kilichonifanya nisome swali lako mara mbili ni neno Desemba.

Wewe ni mwakilishi wa chama. Mkataba wa pamoja unaisha Desemba. Na nafasi ya usimamizi imekuja sasa, kwa mdomo, kwako. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo. Nilifanya kazi ya rasilimali watu kwenye usafirishaji kabla ya kuanza kuwashauri wafanyakazi, na nakuambia kumpandisha cheo mwakilishi mkali miezi michache kabla ya majadiliano ni mbinu ya zamani. Haina kelele, na ni rahisi kuliko kumfukuza. Kumfukuza kuna hatari, kwa kuwa sheria haikubali uanachama au shughuli za chama kuwa sababu halali ya kumwondoa mtu kazini. Kumpa kiti hakuna hatari. Anatoka mezani akiwa na tabasamu, na chama kinabaki na mtu mpya ambaye hajui mwaka juzi nani aliahidi nini.

Sisemi bosi wako ana hila. Mwakilishi mzuri huwa pia msimamizi mzuri: anajua kusema, anajua kanuni, watu wanamsikiliza. Inawezekana kabisa wamekuona hivyo. Ndiyo maana ninasema uombe kuanza Januari. Nafasi ya kweli inaweza kushikwa na mtu wa muda kwa wiki chache. Ikiwa ghafla haiwezekani kabisa, ikiwa lazima uanze Jumatatu, umeshajua ilikuwa nafasi ya nini. Na hao wanaokunong'ona watakosa la kusema juu ya mtu aliyewapigania hadi mkataba ukasainiwa ndipo akaondoka.

Sasa nije kwenye mtego ambao hautajwi ofisini siku ya pongezi. Watakuletea karatasi ya kusaini. Iangalie: ni barua ya kubadilisha cheo, au ni mkataba mpya? Ukisaini mkataba mpya wa ajira, unaweza kuwa umeizika miaka yako saba kwa mkono wako mwenyewe. Leo, kwa kuwa umevuka miaka mitano, hawawezi kukuachisha bila notisi ya miezi miwili au malipo yake; ukifika kumi ni miezi mitatu. Mkataba mpya wenye kipindi cha majaribio unakurudisha kwenye notisi ya siku 14. Majaribio kisheria hayapaswi kuzidi miezi sita, na kuyaongeza kunahitaji ridhaa yako, lakini miezi sita inatosha sana kwa mtu anayetaka kukutoa njiani. Na kama umeandikwa wa miaka miwili, basi mwisho wake hawahitaji hata kukufukuza. Wanaacha tarehe ifike.

Kiinua mgongo nacho. Sheria inatambua malipo hayo mtu anapoachishwa katika mazingira fulani, lakini kiasi imekiacha kijadiliwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Pasipokuwa na makubaliano, Korti ya Viwanda tangu 2015 imekuwa ikitumia mwezi mmoja wa mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Kwako leo hiyo ni 6,300,000. Haifai ipotee kwa sababu ya aya moja iliyoandikwa kwamba mkataba huu unafuta mikataba yote iliyotangulia. Hiyo aya huwa ukurasa wa mwisho, karibu na sahihi. Na kama ulichukuliwa kazini kutoka Arua, kumbuka pia mtu aliyeajiriwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwajiri kazi ikiisha. Akifikisha miaka kumi kazini, haki hiyo anayo popote alikoajiriwa. Watu wa kwenu West Nile wanaisahau sana hii, wanapanda basi la usiku kwa pesa yao.

(Sitaji namba za vifungu makusudi. Toleo jipya la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2024 na namba nyingi zilihama. Utakuta mtandaoni watu bado wananukuu za zamani.)

Kuna imani moja naikuta sana vituoni, kwamba ukishakuwa meneja huna sheria tena, wanaweza kukuondoa wakati wowote. Si kweli. Sheria ya Ajira haikuandikiwa madereva peke yao. Meneja naye ana notisi, ana haki ya kuelezwa kosa na kusikilizwa akiwa na mtu wake kabla ya kufukuzwa, na anaweza kwenda kwa ofisa wa kazi, kisha Korti ya Viwanda. Anachokosa ni wa kumsemea kabla mambo hayajaharibika. Kampuni ikitaka kupunguza watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu, lazima iwape wawakilishi wa chama taarifa angalau wiki nne kabla, na imjulishe kamishna wa kazi. Kwenye kikao hicho dereva ana mtu wake. Msimamizi anasubiri kuitwa, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Naomba pia ufikirie kazi yenyewe, maana umeiona kutoka kwenye usukani, hujaiona kutoka mezani. Saa kumi na moja alfajiri lori la kaskazini linarudi. Magunia yanashushwa, kila moja lina sili ya plastiki yenye namba, na msimamizi anasimama na hati ya mizigo akilinganisha namba ya sili na iliyoandikwa Arua au Gulu. Gunia la kumi na nne sili yake imekatwa na kufungwa tena kwa kamba. Wapakiaji wanaangalia pembeni. Dereva anasema alipewa hivyo hivyo. Mle ndani kulitakiwa kuwa na vifurushi 22, skana inasoma 21, na kilichokosekana ni simu ambayo mteja wa Ntinda ameshailipia. Ukisaini hati bila kuandika hitilafu hiyo pale pale, pamoja na namba ya sili, saa na jina la aliyeshusha, kuanzia dakika hiyo simu ni yako. Dereva anajibia gari moja. Wewe utajibia sahihi ya kila gari lililoingia na kutoka, na pesa taslimu waliyorudi nayo wanaopeleka vifurushi vya kulipia mlangoni.

Hapo ndipo ajira za wasimamizi wengi wa vifurushi zinapoishia. Si kwamba wameiba. Wamesaini wakiwa wamechoka. Sheria imeorodhesha makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kujitungia yake kila kifurushi kinapopotea. Lakini akikuletea karatasi ya "kukubali kukatwa" saa mbili usiku, bila mwakilishi pembeni yako, utakuwa na ujasiri wa kukataa? Swali hilo lijibu mwenyewe, kimoyomoyo.

Na kuna waendesha boda. Kampuni nyingi sasa zina madereva wachache wa kuajiriwa na kundi kubwa la bodaboda wanaolipwa kwa kila kifurushi, wanaoitwa wabia au makandarasi. Hao hawana notisi, hawana NSSF, hawamo kwenye mkataba wa pamoja. Msimamizi ndiye anayewapangia, anayewakata, anayewaambia kesho usije. Kwa mtu aliyekuwa mwakilishi wa chama, kazi hiyo inakera kuliko saa nyingi za kukaa kituoni. Wengine wanaiweza kwa haki na kwa heshima. Lakini jijue.

Baada ya yote hayo, mimi ningeegemea wapi? Ningekuwa mpakiaji au dereva wa UPS kule Louisville, ningebaki kwenye chama bila kufikiria. Kwa Uganda, na kwa umri wako, naegemea usimamizi, lakini kwa sababu moja ambayo haihusiani na hizo 113,750. Cheo cha usimamizi wa kituo unahama nacho. Mtu aliyesimamia ghala, hesabu ya mizigo na ratiba ya magari kwa miaka miwili au mitatu anaweza kuomba kazi kwenye kampuni nyingine, kwenye viwanda vya Namanve, au kwenu Arua kwa mashirika yanayopeleka vitu kambi za wakimbizi za Bidi Bidi, Imvepi na Rhino Camp. (Ya mashirika usiitegemee sana kwa sasa, misaada ya Marekani ilipokatwa 2025 wengi walirudishwa nyumbani.) Udereva wa miaka saba, hata uwe mzuri vipi, ukitoka hapo unaanza tena chini kwa mshahara wa dereva mgeni.

Naegemea huko endapo tu watakuandikia. Wasipokuandikia, baki ulipo, na usione haya. Kiti cha msimamizi kisicho na karatasi ndicho kibaya kuliko vyote kwenye kampuni za vifurushi: lawama za meneja, mshahara unaokaribiana na wa dereva, na hakuna chama nyuma yako. Kazi iliyo chini ya chama, yenye mkataba mzuri wa pamoja, inakishinda kwa mbali.

Barua yenyewe isiwe ndefu wala ya ukali. Ningeandika hivi:

*"Nashukuru kwa imani mliyonionyesha kwa kunifikiria kwa nafasi ya msimamizi wa kituo cha Nakawa. Naipokea kwa heshima, na ningependa kutoa jibu langu baada ya kupata yafuatayo kwa maandishi: maelezo ya kazi na daraja lake, uthibitisho kwamba uteuzi huu ni mabadiliko ya cheo ndani ya ajira yangu iliyopo, na kwamba miaka yangu ya kazi tangu siku niliyoajiriwa inaendelea kuhesabiwa, mshahara, saa za kazi, na namna siku za mapumziko na sikukuu nitakazofanya kazi zitakavyofidiwa, posho ya usafiri na ya simu, utaratibu utakaofuatwa mzigo au fedha ikipotea kituoni, na haki ya kurudi kwenye nafasi yangu ya udereva, kwa daraja langu la sasa, ndani ya miezi sita endapo mimi au kampuni tutaona nafasi hii haifai. Kwa kuwa bado nina wajibu kwa wenzangu hadi mkataba wa pamoja ukamilike, naomba tarehe ya kuanza iwe Januari."*

Ipeleke kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiitume WhatsApp.

Hawatakupa yote. Ya posho watavutana nawe, na unaweza kulegeza. Fidia ya Jumamosi wanaweza kukupa kama siku ya mapumziko badala ya pesa. Kubali, mradi iwe imeandikwa. Haki ya kurudi kwenye udereva itawashangaza, lakini kampuni inayopandisha watu kutoka ndani haina hasara nayo, na ikikataa, omba angalau miezi mitatu. Mambo mawili usiyalegeze hata kidogo: kuendelea kwa miaka yako saba, na utaratibu wa mali ikipotea. Ukikosa moja kati ya hayo, jibu lako ni asante, nabaki na gari langu. Kusema hivyo si kosa la nidhamu. Kupandishwa cheo si amri.

Ukikubali, andika barua ya kujiuzulu uwakilishi kabla ya kusaini cheo kipya, siyo baada, na mkabidhi atakayekufuata mafaili yote ya malalamiko yaliyo wazi, hasa yale ambayo wewe mwenyewe utakuja kuyajibu upande wa pili wa meza. Usiondoke na nakala ya mikakati ya majadiliano. Na kama daraja jipya liko nje ya chama, iandikie ofisi ya mishahara isimamishe makato ya ada yako; nimeona mtu akikatwa mwaka mzima kwa chama ambacho hakikuwa tena na uwezo wa kumsemea, na kuzirudisha pesa hizo ilikuwa kesi nyingine.